Mkwe Aliyeitwa Faiaman

Rasto Wandera wa Buhehe hakumdanganya mtu. Nalisema hilo mapema, maana watu wa mpakani wana midomo, na yaliyosemwa juu yake yangejaza behewa zima. Kosa la Rasto lilikuwa kunyamaza. Na kunyamaza nako, tusidanganyane, kuna siku huwa uongo uliovaa nguo za kanisani.

Alikuwa faiaman wa treni. Miaka ile ya sitini, kabla injini za dizeli hazijatuzoea, kila garimoshi lilikuwa na watu wawili mbele: dereva wa kuliendesha na faiaman wa kulilisha moto. Rasto alifungulia mafuta mazito yaingie tanurini, akatazama moshi una rangi gani, akarusha koleo la mchanga ndani ili usugue masizi, na akahakikisha mvuke haushuki. Kwa kifupi, kazi yake ilikuwa moto uwake. Moto ukizimika mikononi mwake, na mkate wake umezimika.

Basi akampenda Abbo, binti wa Nagongera, hapo mbele ya Tororo ambapo treni zilisimama kunywa maji. Siku ya kujitambulisha ukweni wajomba walimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa kifua mbele, "Mimi ni faiaman."

Wajomba wakatazamana. Ndipo Ogwang, kaka yake Abbo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaingia ndani na kutoka na kamusi yake ya Kiingereza. Akatia kidole mate, akafunua, akasoma, akafunga.

"Faya ni moto, man ni mutu," akawaeleza. "Faiaman ni mutu nazima moto. Nyumba nashika moto, yeye nakuja na maji, nazima. Kampala iko na hao, na magari yao nyekundu."

Kamusi haikusema uongo. Ilikuwa na maana mbili, mwalimu akaridhika na ile ya kwanza, kama mtu anunuaye viatu bila kujaribu cha pili. Lakini kwa watu wenye nyumba za nyasi, ambao kila kiangazi humzika mtu au kupoteza ghala, maneno yale yalikuwa matamu kupita kiasi. Mjomba mmoja alisimama akampa Rasto kiti chenye mgongo. Rasto alifungua mdomo asahihishe. Akamwona Abbo kwenye mlango wa jikoni, anatabasamu kwa fahari, akaufunga. Punde akaletewa firigisi ya kuku, kipande cha mgeni wa heshima. Ukishakula firigisi ya watu, utaitemaje?

Walipooana, Abbo aliujua ukweli mara moja, kwa harufu ya mafuta kwenye shati.

"Waambie," alimwambia.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini Rasto aliona ataficha kidogo tu. Akipita Nagongera juu ya injini, watoto walimkimbilia wakiimba "Faiaman! Faiaman!", naye alipiga honi. Nani angeyaacha hayo?

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu, na ilikuwa kwa desturi, wala si kwa chuki. Huyo ni Benedeta, mama yake Abbo. Mkwe haingii nyumba anayolala mama mkwe. Hamgusi, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwa Wasamia wa kina Rasto ni hivyo, na kwa wakweze ni hivyo hivyo. Salamu za Benedeta zilipitia kwa Abbo, na za Rasto zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Tangu Rasto amwoe Abbo, yeye na Benedeta hawakuwa wamesemezana hata neno moja.

Ikaja Januari, upepo mkavu, siku ya soko. Treni ya mizigo ilisimama Nagongera kunywa maji. Rasto alikuwa juu ya tangi ameshika bomba, na dereva wake, Omoding, alikuwa chini akipaka magurudumu oili. Moshi ukainuka nyuma ya migomba. Rasto aliutazama kwa jicho la kazi: mweusi chini, mweupe juu, unaenda kasi. Moshi wa nyasi. Kisha akajua uko upande gani, akaliachia bomba.

Watu walikuwa wakija mbio juu ya reli. "Faiaman! Faiaman!" Safari hii hazikuwa nyimbo.

"Rasto, usithubutu," Omoding alisema. "Treni ya abiria iko nyuma yetu. Mvuke ukishuka tutaziba njia, na mimi na wewe hatuna kazi."

"Ni nyumba ya mama mkwe wangu."

"Basi wewe ndiye hata kuingia huwezi!"

Ni kweli tupu. Rasto aliruka chini hata hivyo, akachovya gunia kwenye maji yaliyomwagika, akakimbia.

Alichokikuta pale kilimtisha kuliko moto wenyewe. Paa lilikuwa linawaka upande mmoja, na umati ulikuwa umesimama. Wanawake walirusha vibuyu vya maji kutoka mbali, yakaanguka chini bure. Oriokot, jirani mwenye mabega ya kubeba magunia mawili ya pamba, alikuwa amesimama na ndoo yake imejaa pomoni.

"Mama iko ndani," Oriokot alisema akihema. "Mguu yake mubaya tangu juzi, hawezi simama. Nilitaka ingia, watu wakasema hapana, ngoja faiaman, yeye najua. Tulikuwa nangoja wewe."

Walikuwa wanamngoja yeye! Wanaume wenye nguvu na miguu mizima walikuwa wamesimama mbele ya nyumba inayoungua na mtu ndani, kwa sababu kuna fundi anakuja. Fundi gani? Neno lake, lile aliloliachia kwa ajili ya firigisi, ndilo lililowafunga miguu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Aseme sasa? Aanze kueleza maana ya maneno huku paa linashuka?

Akajifunika gunia, akafika mlangoni. Pale miguu ikagoma. Mwiko si ukuta, lakini jaribu kuupita uone. Nyuma yake Aboth, dada yake Benedeta, alipiga yowe bila hata kufikiri, "Mukwe! Mukwe asiingie!"

Ndipo Ogwang akatokea, anatoka shuleni mbio, chaki ingali vidoleni. "Mukwe haingii!" akapaza sauti. "Naingia faiaman! Hii ni kazi yake! Ingia, faiaman, ingia!"

Ndani mtu alikohoa. Rasto akainama, akaingia.

Jambo moja tu alilijua kutoka kazini: ukifungua mlango wa tanuri, simama kando na uinamishe uso, la sivyo moto utakulamba. Kwa mengine yote alikuwa kipofu. Alitambaa. Moshi ulimwingia puani kama pilipili, macho yakajifunga yenyewe. Mkono wake ukagonga chungu, ukagonga kigoda, kisha ukagusa mguu wa mtu, na hata katika moto ule aliurudisha upesi kama aliyeiba.

Benedeta alikuwa chini karibu na kitanda. Alipotambua ni nani, alijifunika uso kwa leso na kumsukuma. Ndiyo, alimsukuma! Mkono mmoja tayari umeungua, na bado alimsukuma mkwe atoke, afadhali afe na heshima yake. Rasto hakumwomba ruhusa. Alimfunika gunia, akampakata kama mtoto, akarudi kwa magoti alikotoka huku vipande vya nyasi vikimwangukia mgongoni. Alipoukanyaga ua, Oriokot alimwagia ndoo nzima, na paa likaanguka nyuma yake kwa kishindo.

Alilala kwenye vumbi, akatapika. Kwa mbali injini ilikuwa ikipiga honi, nyembamba, kisha nyembamba zaidi, mpaka ikakosa pumzi.

Treni ya abiria ilikaa porini mchana ule wote. Omoding alijaribu kumtetea, akasema mwenzake aliugua ghafla, lakini njia ya mwongo ni fupi. Rasto aliitwa Tororo kwa mkubwa wa shedi ya injini, Mzungu asiyependa maneno mengi. Hakumpigia hata kelele. Alisema, "You are fired," akarudia chai yake.

Rasto alisikia faya tu. Akadhani ameambiwa arudi kwenye moto wake, akageuka kuelekea injini kwa furaha. Karani alimshika mkono.

"Unaenda wapi, bwana? Umefukuzwa."

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu aliambiwa, na ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Neno lililompa kazi ndilo hilo hilo lililomtoa.

Wakwe walikuwa wamemwita kwa shukrani. Akaenda na Abbo, mgongo ungali na vidonda, moyo ukiwa mzito zaidi ya mgongo. Walikuwa wamekaa uani nyumbani kwa Ogwang: wajomba, Aboth, Oriokot na majirani. Benedeta alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, mkono umefungwa kitambaa. Walikula, wakamsifu. Kisha mjomba akauliza, "Na wakubwa ya reli? Wamesema nini juu ya faiaman wetu?"

Rasto alitazama sahani. "Mkubwa amesema, yu a fayad."

"Fayad!" mjomba akarukia. "Ameongezwa cheo! Kutoka faya mpaka fayad!" Vigelegele vikapigwa, mtu akaanza kupiga makofi. Ogwang peke yake hakupiga. Mwalimu alilijua neno lile bila kamusi. Uso ulimwanguka, akamtazama Rasto, kisha polepole akainua mikono apige makofi na wengine, amfichie shemeji yake aibu.

Mlango wa kuponyoka ulikuwa umefunguliwa tena, mpana kabisa. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Abbo alimtazama.

"Nyamazeni," Rasto alisema. "Fayad maana yake nimefukuzwa kazi. Na faiaman wa treni hazimi moto. Anauwasha. Sijawahi kuzima moto maisha yangu yote. Niliogopa kuwaambia, na mkakaa mnaningoja huku mama anaungua. Nimekosa."

Makofi yalikatika. Oriokot alikunja uso, kwa kuwa yeye ndiye aliyezuiwa kuingia. Aboth akasimama, kidole hewani.

"Basi kama wewe si faiaman," alisema, "nani aliingia kwa nyumba ya dada yangu? Nani alishika mwili yake? Ni mukwe! Hii ni mwiko! Watoto yenu watazaliwa namna gani?"

Abbo alishika tumbo, ambalo lilikuwa na mimba changa. Rasto alingoja kufukuzwa mara ya pili kwa neno lile lile, na safari hii angepoteza mke.

Pazia lilitikisika. Sauti ya Benedeta ikatoka, ya kukwaruza kwa moshi, ikimwelekea yeye moja kwa moja.

"Wewe mutoto wa Buhehe. Hujui kuzima moto?"

Rasto aliinamisha kichwa.

"Sijui, mama."

"Sasa uliingia kufanya nini?"

"Nilikusikia unakohoa, mama."

Kisha Benedeta akaliondoa pazia kwa mkono ule uliofungwa, akatoka akichechemea, akamtazama mkwewe usoni mchana kweupe, mbele ya watu wote.

"Aboth, kaa chini," alisema. "Huyu si mukwe tena, huyu nimezaa. Mupeni nyama ingine, kazi atatafuta kesho."