Gari Lililopimwa Nikiwa Ndani

Majina ninayo yote. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini jina likishaingia masikioni mwangu halitoki. La fundi ninalo, la mnunuzi wa Itigi ninalo, hata la yule mbwa wa jirani aliyependa kulala chini ya injini. Sitayaandika. Wenyewe wapo hai, na wana wajukuu wanaojua kusoma.

Gari lilikuwa la marehemu mume wangu, pikapu ya kizamani, rangi yake ya bluu imebaki kwenye kingo za milango tu. Alipofariki, mwanangu alilileta hapa kwake Unyambwa akaliegesha ukutani, na mimi akanileta. Tukakaa sote wawili ndani ya uzio wa matofali wenye geti la bati. Mwanangu si mtu mbaya. Nakula, nalala, dawa za magoti sizikosi. Ila geti lile ni zito, siliwezi, na mwanangu akishatoka asubuhi, mkewe naye akishika kazi zake, nabaki na kuku.

Mchana nilikuwa naingia kwenye gari. Kiti cha kushoto, pale pangu pa miaka yote. Mkamwana wangu ndiye aliyekuwa akinifungulia kwa nje, maana kitasa cha ndani kilivunjika zamani, kisha anakuja kunitoa akimaliza kazi zake. Mabasi yana ngazi ndefu, magoti yangu hayazipandi. Kiti kile kiko chini, na mwili wangu unakijua.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu, kufika Sekenke kwa dada yangu. Katika tumbo la mama yetu tumebaki yeye na mimi. Alikuwa hatoki tena kitandani, na kwenye simu sauti yake ilikuwa imepungua mpaka nikawa namwuliza mara mbilimbili. Hapa kwetu watu wanaongea Kinyaturu na Kiswahili. Kinyiramba changu nilikuwa naongea na kuku.

Kila nikisema, mwanangu alikuwa na jibu.

"Mama, gari linavuta."

"Linavuta wapi?"

"Kushoto. Ukilegeza usukani kidogo uko mtaroni. Na mteremko wa Sekenke unaujua mwenyewe, zile kona. Likinyooshwa nitakupeleka."

Ni kweli lilikuwa linavuta. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Basi nikawa naomba linyooshwe. Kwenye chai naomba, kwenye ugali naomba, mpaka mkamwana wangu akacheka: "Mama, siku hizi sala zako zote ni za tairi."

Asubuhi moja fundi akaja na mfuko wake wa spana. Nilikuwa nimeshakaa ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuninyooshea?"

"Ndiyo, bibi. Kaa tu, usihangaike."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule hakuna aliyeona. Fundi alitakiwa alipime gari likiwa tupu. Lakini mtu wa huku hawezi kumkuta bibi wa watu amekaa kitako, ndiyo kwanza amemwamkia, halafu amwambie shuka. Angeanzia wapi? Akalipima na mimi ndani. Na mimi si mwembamba.

Alitaka vigae vinne. Mwanangu akavitoa vile vilivyobaki siku za kujenga choo. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta kati ya kigae na kigae, kuinua gari kwa jeki, nami nikainuka nalo, na kuvisukuma vile vigae chini ya matairi ya mbele, ili matairi yateleze na kukaa yenyewe yanavyotaka. Mafuta aliyaomba jikoni.

"Ya alizeti?" mkamwana wangu akapaza sauti. "Mafuta yangu ya kupikia ndiyo unalipaka tairi?"

"Kidogo tu, mama. Tairi halili mengi."

"Tairi halili, ila fundi nakujua."

Kisha akasimamisha vyuma mbele na nyuma, akavuta uzi wa nailoni kila upande wa gari, umenyooka kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele. Akachuchumaa na rula, akapima nafasi kati ya uzi na rimu, mbele ya tairi, halafu nyuma ya tairi. Zikipishana, tairi linatazama pembeni. Hapo analala chini, analegeza nati, anazungusha tairodi, kile chuma kinacholipa tairi amri ya usukani, kisha anarudi kwenye rula. Upande wangu wa kushoto akachomeka na vibati vyembamba, kulisimamisha lile tairi lililokuwa limeinama.

"Bibi, usitikisike. Ukitikisika vipimo vinahama."

Nikatulia kama nanyolewa. Nilikuwa na furaha, kusema kweli. Kichwani nilikuwa naziteremka zile kona moja moja.

Ndipo nikamsikia mwanangu nyuma ya gari, yuko kwenye simu.

"Ndiyo, mzee, linanyooshwa sasa hivi. Njoo saa sita ulijaribu. Ukilipenda, unaondoka nalo leo leo mpaka Itigi."

Mimi niliomba linyooshwe ili linipeleke. Yeye analinyoosha ili lipate mtu. Na kila fundi alivyozidi kulitengeneza vizuri, ndivyo lilivyozidi kwenda zake.

"Nifungulie," nikasema.

"Tulia, mama. Fundi anapima."

"Nimesema nifungulie mlango!"

"Ukishuka sasa ataanza upya. Vumilia kidogo tu."

Mkono wangu ukakitafuta kitasa ambacho najua hakipo. Jua lilikuwa limeshapanda, bati la juu linatoa moto. Wao wakaenda kunywa chai kivulini. Mimi nikabaki mle, uzi huku na uzi huku, kama mbuzi aliyefungwa mnadani, na nisingethubutu hata kugeuka. Hiyo ndiyo ajabu yake. Nilikuwa nimekasirika, na bado nilikuwa naogopa kuharibu vipimo.

Mnunuzi alifika fundi akiwa ndiyo kwanza amemaliza, mzee mwenye kofia ya manyoya kwenye jua lote lile, mfanyabiashara wa asali. Wakanitoa, wakanikalisha kwenye kigoda. Akataka kuliendesha peke yake. Geti likafunguliwa, akatoka. Hakukawia kurudi, uso umekunjamana.

"Mliniambia linakwenda mtaroni. Sasa linanipeleka kulia, kwenye malori! Mnataka niuawe?"

Fundi akalichukua, akaenda, akarudi. Akasimama anajikuna shingo. Akanitazama pale kwenye kigoda, akatazama kiti cha kushoto, akanitazama tena.

"Bibi alikuwa ndani," akasema polepole.

"Ndani ya nini?" mwanangu akauliza.

"Nilipopima. Upande ule springi zimechoka, zinabonyea kwa uzito wa aliyekaa. Nimelinyoosha kwa uzito wa bibi."

"Kwani bibi ni spea?" akafoka mnunuzi. "Haya, mrudisheni tuone."

Wakanirudisha. Tukatoka mpaka barabara ya lami, mnunuzi kwenye usukani, mimi pale pangu. Akainua mikono yote miwili. Gari likakaa katikati ya upande wake, halihangaiki, kama lipo kwenye reli. Mzee yule akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni.

"Bibi, wewe umo kwenye bei?"

"Hutaniweza," nikamwambia. "Nakula sana."

Tuliporudi akamwambia mwanangu, "Mimi nabeba ndoo za asali, sibebi mama za watu. Linyoosheni upya likiwa tupu. Jumamosi nakuja na hela yangu." Fundi akasema ana kazi nyingine mjini, atalirudia Ijumaa. Wakaagana. Mimi bado nilikuwa ndani, mlango umefungwa, nimesahaulika.

Nikamwita fundi dirishani.

"Kwa hiyo mpaka Ijumaa, mimi nikiwemo, gari halina neno?"

"Ukiwemo, bibi, halina neno kabisa."

"Hata kwenye kona?"

"Hata kwenye kona."

Mwanangu alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Sikumwangalia. Nilitazama mbele, kwenye ukuta. Akapiga teke kokoto, ndipo akasema, "Haya, mama. Kesho."

Kesho yake tukaenda. Kule kwenye mteremko aliendesha taratibu, na kila kona gari lilizunguka likarudi sawa. Nilikaa vile vile kama fundi alivyoniacha, nisije nikaharibu.

Dada yangu walikuwa wamemtoa nje kwenye mkeka. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, akanishika uso, akalitaja jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Tuliongea Kinyiramba mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Wakati wa kuondoka hakuuachia mkono wangu.

"Utakuja lini tena?"

"Nitakuja."

"Na gari hilo hilo?"

"Hilo hilo."

Mwanangu alisikia, akainamisha kichwa, akaenda kuniwekea mlango wazi.

Njiani kurudi alikuwa amechangamka, labda kwa kutua mzigo. Tulipomaliza kupanda, kwenye lami iliyonyooka, akafanya kama yule mzee wa asali, akainua mikono. "Ona, mama! Linakwenda lenyewe!" Nikaona. Nilitamani livute kidogo, kushoto, kulia, popote, mradi lisiwe na haraka ya kufika. Nikajisogeza kuelekea mlangoni, nikajisogeza kuelekea kwake. Halikuhama. Nikiwa nimo tu, linanyooka, na lilikuwa limenyookea Unyambwa.

Mkamwana wangu alifungua geti, tukaingia, likafungwa nyuma yetu. Mwanangu akashuka, akaingia ndani kunywa maji. Kuku wakaja wakasimama chini ya dirisha langu. Nikakaa na mkoba mapajani, nikasubiri mtu wa kunifungulia.