Siku Niliyowahesabu Wajukuu wa Bibi

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, likizo ya mwezi wa sita, nyumbani kwa bibi huko Butiama. Saa naijua kwa sababu dada aliniambia niiandike juu ya karatasi kabla hajauliza swali la kwanza.

Dada yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea afya ya jamii, na muhula ule walikuwa wanafundishwa mbinu za utafiti. Alirudi nyumbani na dodoso, yale maswali ya kuuliza kaya kwa kaya, ayajaribu kwa watu wachache kwanza aone kama yanaeleweka. Kwetu Bweri alikuwa ameshanifanyia mazoezi mpaka nikachoka. "Una haki ya kukataa wakati wowote," alikuwa ananiambiaga, na nikisema nakataa ananifinya.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani hata swali ninalolijua nainama mpaka mwalimu anipite. Ndiyo maana dada alinipa kazi ya kuandika tu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo. Mfuko wa dagaa tuliomletea aliuweka pembeni bila kuufungua, akatusikiliza kwa heshima kama vile tumetoka serikalini. Dada akamsomea maneno ya ridhaa.

"Nikatae nini," bibi akasema, "si mmekuja kwangu?" Halafu akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, umekuwa karani?"

Nikacheka, ndivyo anavyonitaniaga tangu nikiwa mdogo. Maswali ya maji yakaenda vizuri, ya choo, ya chandarua. Kisha dada akauliza: "Bibi, watoto wanaoishi kwenye kaya hii ni wangapi?"

"Wapo."

"Wangapi, bibi?"

"Si unawaona? Wapo, wanakula, wanalala."

Dada akauliza tena kwa kilugha, bibi akajibu vilevile kwa kilugha. Jua lilikuwa linapanda na tulikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Dada akaniambia bila kunitazama, "Wewe, wahesabu wale pale nje, tuendelee."

Walikuwa wanacheza karibu na ghala. Nikanyoosha kidole. Mmoja, wawili, watatu. Nilihesabu kwa sauti, ili dada asikie. Kidole kikaishia kwa yule mdogo kabisa, mtoto wa mamdogo, ambaye hata kuzungumza bado, alikuwa amekaa chini na shati lisilo na vifungo.

Kisu cha bibi kikasimama. "Kunja mkono huo," akasema taratibu. "Hata ng'ombe wa babu yako hatukuwahesabuga hivyo. Jioni tunawatazama tu wakiingia, aliyepungua tunamjua. Ukimhesabu mtoto kwa kidole, unamwonyesha kwa nani?"

Nikakunja mkono. Dada akaomba radhi, akaruka swali, tukamaliza. Bibi akatuzuia tule kwanza ndipo twende nyumba nyingine.

Saa nane mchana yule mdogo alikuwa wa moto.

Mamdogo alitoka naye ndani, kichwa kimelegea begani, akasema amekataa hata maji. Nilimgusa mguu nikautoa mkono haraka. Dada akaita bodaboda, akapanda na mamdogo kwenda kituo cha afya. Mimi nikabaki na bibi.

Huo mchana ndio nilioogopa kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Shuleni nimesoma malaria, mchoro wa mbu naweza kuuchora na sehemu zake zote. Lakini niliendelea kukitazama kidole changu. Nilijisemea kwamba akifa nitakuwa nimemuua mimi, na hakuna atakayenisema, na hiyo ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Bibi alikaa na rozari, midomo ikitembea. Wale watoto wengine wakaja wakakaa karibu yangu, na mimi nikaogopa kuwatazama kwa mpangilio, nisije nikawahesabu moyoni.

Mwishowe nikauliza, "Bibi, ni mimi?"

"Kuni zimeisha, mke mwenzangu," akasema. "Kalete."

Nilienda kuleta kuni huku nalia, kwa sababu aliniita hivyo, na kwa sababu hakusema hapana.

Walirudi jua likizama. Damu ilikuwa imepimwa, ni malaria, wamepewa dawa ya mseto, na akitapika yote au akipata degedege wamrudishe upesi. Dada akanivuta pembeni. "Sikiliza. Malaria haiingii asubuhi ikapandisha homa mchana. Huyu aliumwa na mbu zamani, wewe ukiwa Bweri. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikaendelea kuogopa.

"Kosa ni langu," akaongeza. "Tulifundishwa kuuliza majina, mtoto mmoja mmoja, jumla tunaipata wenyewe baadaye. Mimi nikaharakisha."

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wote, nikakoroga uji. Kwa bibi kila mtoto ana kikombe chake, cha bluu, cha maua, kilichovunjika mkono. Nilivipanga kwenye jamvi, nikamimina, pamoja na cha yule mdogo, cha njano, nikakifunika na sahani. Watoto wakaja, kila mmoja akachukua chake. Kikabaki cha njano. Nilikaa mbele yake, mikono nimeifunga ndani ya kanga.

Mamdogo akatoka naye amembeba. Macho yalikuwa mazito bado, lakini aliponiona akanyoosha kidole, si kwangu, kwa kikombe. Alikunywa kidogo, akalala tena begani.

Dada alikuwa ameshavaa mkoba. "Utakuja nyumba ya pili, au unakataa? Una haki."

"Nakuja," nikasema. "Lakini majina nitauliza mimi."

Kikombe cha njano kilikuwa na uji nusu. Nikakifunika tena, nikamfuata dada.