Sanamu la Bustani Lilipofungua Mdomo

Jumamosi moja asubuhi, sanamu la kutishia ndege lilizungumza mbele ya watu kumi na tisa.

Sanamu hilo nilikuwa mimi.

Tulieni niwaeleze.

Bustani ya mtaa wetu hapa Alamar, Havana, imebanwa katikati ya maghorofa: matuta ya saladi na figili, na kibanda cha kuuzia mboga. Mwenye amri humo ni Bi Nereida. Niliamua kumshtua kidogo tu, kwa faida ya moyo wake.

Ila nilikuwa nimetoroka bwenini. Na mkuu wa shule, Mwalimu Zoraida, alishanipa onyo la mwisho: kosa moja tena, nafukuzwa.

Rafiki yangu Yosbel alinivalisha koti la sanamu, akanishusha kofia ya majani yenye matundu hadi puani, akanifunga mikono kwenye nguzo ya sanamu.

"Usikaze sana, bwege we!"

"Sanamu halilalamiki," akasema, akakaza.

Mara Bi Nereida huyo! Yosbel akatimua mbio.

Mpango ulikuwa nipige ukelele akinikaribia. Lakini nyuma yake waliongozana wateja. Siku ya mauzo, nami nimesahau! Nikaumeza ukelele wangu.

Foleni ikaanzia kibandani, ikazunguka matuta, ikaja kuishia miguuni pangu.

Jua kali. Sisimizi wakafanya ziara rasmi ndani ya suruali yangu. Kujikuna siwezi. Kukimbia siwezi. Chafya moja tu, shule basi.

Nikabaki kutazama. Nifanyeje tena?

Mama mjamzito aliondoka na kapu la mchicha. Mzee mwenye kisukari alijigamba kuwa tangu aanze kula mboga hizi, daktari wake amemsahau. Majirani wawili wasiosalimiana waligombania figili moja, wakaishia kucheka.

Kisha nikasikia viatu ninavyovijua.

Mwalimu Zoraida, anasukuma toroli tupu! Kumbe saladi ya bwenini inatoka hapa.

Bibi aliyekuwa mkiani mwa foleni alikuwa ameenda kunywa maji. Mwalimu akauliza swali ambalo kwetu kila anayefika kwenye foleni huuliza, na lazima ajibiwe:

"Wa mwisho nani?"

Watu wakageuka kumtafuta yule bibi.

"Jamani, wa mwisho nani?"

Ndugu zangu, hilo mtu wa Havana hafundishwi, anazaliwa nalo. Mdomo ulifunguka wenyewe:

"Mimi hapa!"

Kofia ikainuliwa taratibu.

"Dariel."

"Naam, Mwalimu."

"Basi mimi niko nyuma yako."

Akasimama hapo, kwa heshima zote za foleni, nusu saa nzima. Hakunifungua.

Zamu yetu ilipofika, Bi Nereida akaja na kisu cha kukatia mboga.

"Huyu leo anarudi kwao," Mwalimu akatangaza.

"Thubutu!" Bi Nereida akainamia tuta. "Wiki nzima ndege wananimalizia saladi. Leo hata jani moja halijadonolewa. Mfukuze, halafu uje unieleze watoto mia mbili watakula nini."

Mwalimu akatazama saladi. Akatazama toroli. Akanitazama mimi, muda mrefu kuliko mboga zote.

"Mpaka mavuno yaishe," akasema. "Kila Jumamosi. Na kamba nitaifunga mimi."

Sikufukuzwa. Nimeajiriwa.

Funzo: bustani ya mtaa iheshimuni. Inalisha watu wengi kuliko mnavyodhani mkipita njiani. Mimi huwahesabu kila wiki. Sina kazi nyingine ninayoweza kufanya nikiwa nimefungwa mikono.