Mtu wa nane katika kiwanda cha kamera

Saa nne asubuhi, soko la Tottenham. Mtoto wa miezi miwili, shingo bado haijakaza, amelazwa juu ya shuka jeupe. Magloire Bahati amemwinamia na kamera yenye lenzi nne. Anasubiri, mama mtoto naye anasubiri. Mtoto anafumbua macho, kamera inalia “cha!” na picha nne za pasipoti zimepatikana kwa mkupuo mmoja.

“Umesikia?” ananiuliza Magloire. “Hiyo sauti ilinipeleka mbali.”

Kando yake kuna kigoda kipya. Mteja akitaka kukikalia, anaombwa radhi na kuoneshwa kreti la soda.

Magloire, mwenye umri wa miaka 46, alijifunza upigaji picha na utengenezaji wa kamera huko Bukavu, mashariki mwa Kongo. Aliingia London mwaka 1998 akiomba hifadhi. Alfajiri anasafisha ofisi, kisha anafungua kibanda. Picha nne ni pauni nne, na Jumamosi njema hupata wateja ishirini, wengi wao watoto wachanga ambao mashine za picha za vituoni haziwawezi. Mkewe, Josée, anatunza wazee. Bila kamera ile, kibanda ni meza na mwavuli tu.

Machi mwaka huu, 2004, springi ya shata, kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, ilikatika. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Mafundi watatu walimwambia anunue kamera ya dijitali, ushauri ambao ni rahisi ukiutoa wewe na pesa akizitoa mwingine. Akakiandikia barua kiwanda kilichoiunda, katika mji mdogo mwendo wa saa moja na nusu kwa treni.

Jibu lilikuja. Aya ya kwanza ilimshukuru, ya mwisho ilimshukuru tena na kumkaribisha. Ya katikati ilikuwa na maneno marefu, akairuka. Jumatatu iliyofuata akavaa suti, akaifunga kamera kwenye taulo na kupanda treni.

Nje ya kituo alikuta basi dogo lenye jina la kiwanda. Dereva alikuwa akihesabu watu. Wakala wa vibarua alikuwa ameahidi wanane, nao walikuwa saba. Dereva alipomwona Magloire akilisoma lile jina, alimfungulia mlango.

“Nilijua banatuma motokari sababu yangu,” anasema. “Nikasema, aah, hawa bazungu bako na heshima.”

Kiwandani heshima ilizidi kumchanganya. Alipewa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, mfuko wake wenye kamera ukafungiwa kabatini pamoja na barua, na yeye akaketishwa benchini. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe kabla hajamaliza kusalimia.

Lakini hakukataa. Katika karakana alikojifunza, fundi mgeni akija kuomba kipuri huketishwa kwanza na kupewa kazi, na mikono yake ndiyo itakayomtambulisha.

“Nilisema banapima kama miye ni fundi ya kweli.”

Mbele yake palikuwa na sahani. Ndani ya sahani zilijaa springi, zilezile alizozifuata. Akashika kibano na kuanza kuzipachika kwenye shata, moja baada ya nyingine, hadi kengele ya chakula ikalia na watu wote wakaondoka. Akabaki peke yake na springi zaidi ya mia mbili.

Ndizo alizopewa? Au ndio mtihani wenyewe? Achukue moja, aitwe mwizi? Aondoke, aonekane mvivu? Aliweka mikono juu ya magoti na kukaa hivyo, njaa ikimuuma.

Hapo ndipo msimamizi alipomkuta. Ni Balwinder, mwanamke Mpunjabi wa miaka 58, aliyefanya kazi pale kwa miaka 22. Alimuuliza kwa Kiingereza kwa nini hali chakula. Magloire, kichwa kikiwa kimemzunguka, akajisemea kwa sauti, “Mungu wangu, hawa batu banataka nini kwangu?”

Balwinder akaweka kikombe chini. “Wewe natoka wapi? Mimi zaliwa Kisumu.”

Walifungua kabati, wakatoa barua. Balwinder akamsomea ile aya ya katikati: vipuri vya kamera ile haviuzwi tena, kwa mtu yeyote. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamtazama mwenzake, akaacha kucheka.

“Kipuri hapana toka hii nyumba,” alisema. “Lakini kamera yako naingia, kamera yako natoka. Kazi yako ya asubuhi iko lipa.”

Magloire alipachika springi mwenyewe, kwa dakika kumi. Kamera ikalia “cha!”

Wiki iliyopita Balwinder alipiga simu. Kiwanda kinafungwa Desemba. Atahamia kwa mwanawe huko Kenton, London, na katika umri wake hajui nani atamwajiri.

Ndipo kigoda kilipoletwa. Magloire anataka wafungue benchi la kutengeneza kamera kuukuu, wawili, na Balwinder amekubali kuja Januari kuangalia.

Nampa pole kwa kazi ya kumweleza mgeni huyo mambo yote ya kibandani. Anatikisa kichwa. Hatamweleza kitu. Ataweka mezani shata mbovu na kibano, amwoneshe kigoda, basi.

“Ila saa ya kula nitamwambia mapema,” anasema, akiifuta kamera kwa taulo lilelile. “Mama, hii si mtihani. Kula.”