Wandera Hakushika Usukani

Simu ikiita Ijumaa jioni bado nadhani ni Wandera, anataka kuuliza, "Site visit ya kesho ni wapi?" Kichwa changu kimekataa kabisa kuelewa kwamba amezikwa.

Kwa msiomjua: tulikaa meza moja kwenye ofisi ya clearing, ya kutoa mizigo forodhani, hapa Busia, upande wa Kenya. Wiki nzima tulihangaika na makaratasi ya malori. Wikendi tulivuka mpaka kwa hizo “site visit” zetu, yaani kutafuta chakula kizuri na malwa nzuri, ile pombe ya wimbi inayonywewa chunguni kwa mirija mirefu, mji mdogo baada ya mwingine.

Alikuwa na mrija wake mwenyewe wa kunywea, kauhifadhi ndani ya bomba la plastiki la fundi wa maji. Askari wa mpakani alimuuliza siku moja, "Hii ni silaha?" Akamjibu, "Ni kalamu ya kazi, afande."

Hakugusa pombe kabla ya kula. Kule Majanji tulipoletewa ngege, alichomoa shavu la samaki na kuliweka kwenye sahani yangu. Nilikuwa nimetaja mara moja tu kwamba napenda shavu.

Busitema, kwa mama wa chapati, aliwaacha wanafunzi wote wahudumiwe mbele yetu. "Hao wana mtihani," aliniambia. "Sisi tuna njaa tu."

Lakini moyo wake ulikuwa Tororo, kwa Mama Athieno. Mama huyo hukaanga wimbi wake mwenyewe, na chungu kikiwa tayari huonja yeye kwanza mbele ya wageni. Ndipo wote wanatumbukiza mirija, naye anazunguka na birika akiongeza maji ya moto. Wandera alikuwa na kiti chake pale, kile chenye mguu uliofungwa waya.

Na Wandera hakujua kuendesha gari.

Alijaribu siku moja kwenye yadi yetu, akagonga geti akiwa kwenye gia ya kwanza. Akashuka, akarudisha funguo, akaliomba geti msamaha. Tulicheka mpaka machozi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa supervisor wetu.

Huyo supervisor ndiye aliyetupeleka Tororo kwa gari lake Jumapili ile ya mwisho. Simtaji jina. Yeye anajijua, na mtaona wengine pia wanamjua.

Alikunywa toka asubuhi. Mvua ilipoanza, Wandera akamwambia, "Mkubwa, tulale hapa hapa Tororo, ama tutafute dereva."

Akajibu, "Gari ni langu. Wewe ogopa mageti."

Mimi nilikuwa nimelala kiti cha nyuma, kichwa kinaniuma. Wandera angeweza kubaki kwa Mama Athieno. Nilimsikia akimwambia mwenye gari kunihusu, "Siwezi kukuachia dada yangu uende naye hivyo," kisha mlango wa mbele, upande wa abiria, ukafungwa.

Gari lilipinduka Buteba, tukirudi nyumbani. Wandera hakufika hospitalini. Mimi nilivunjika mguu. Mwenye gari alipata mkwaruzo kwenye paji la uso.

Siku ya mazishi mimi nikiwa wodini, nilisimuliwa baadaye, huyo mtu alisimama mbele ya waombolezaji na plasta yake usoni. Akasema alimkatalia Wandera funguo, lakini Wandera alikuwa amelewa na akazinyakua. Mchungaji akahubiri kuhusu ulevi, na mama yake Wandera akasikiliza yote, ameinamisha kichwa nyumbani kwake mwenyewe.

Mama huyo alikuja kuniona baadaye. Alikaa pembeni ya kitanda, akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli mtoto wangu alitaka kukuua?"

Hilo swali ndilo lililoniamsha. Watu husema mimi ni mpole, na ni kweli. Ila sitamsamehe aliyelitia swali hilo kinywani mwa yule mama.

Polisi nimewapa statement. Jumamosi iliyopita nilipoweza kutembea na gongo, nikaenda Tororo.

Nilimkuta supervisor kwa Mama Athieno. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Wandera, mrija uko chunguni, anachekesha watu.

Nilisimama nikawaeleza wote nilichokiona na nilichokisikia. Mama Athieno akamgeukia. "Wewe. Siku ile mimi nilikuona unaingia kwa mlango ya dereva. Kwa matanga ulisema nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya ofisi."

"Hapa si ofisi. Toa mrija yako."

Akacheka. Mzee mmoja pembeni yake akachomoa mrija wake, akaupangusa taratibu. Akafuata mwingine, na mwingine. Ukabaki mmoja tu kwenye chungu kizima, wa kwake. Akawaangalia, "Jamani, mnaharibu pombe kwa sababu ya marehemu?"

 Mama Athieno akachukua birika lake na kulirudisha jikoni. Bila maji ya moto chungu kinakufa, na kile kilikufa mbele yake. Aliondoka peke yake.

Nilifurahi. Nimejaribu kuona aibu, imekataa kuja.

Sasa wapishi wa pombe wanapashana habari. Majanji wanajua, Buteba wanajua, na kule Busitema mama wa chapati amesema hata maji hatampa.

HR wamenipigia nifute post hii "for the good of the team." Nitaifuta siku huyo mtu atakaposimama pale pale aliposimama, mbele ya mama yule yule, aseme nani aliendesha. Kabla ya hapo, kila mji atakaoingia nitakuwa nimetangulia, na gongo langu.

Wandera, mama yako amenipa mrija wako. Kiti chako kimefungwa waya mpya na hakikaliwi na mtu. Ulikaa mbele kwa ajili yangu, kaka, na wote watajua ulikaa upande gani.

Lala salama. Mimi niko macho.