Natalia Alivyolisha Bakteria wa Tumboni

Natalia hakuwa mtu wa kutulia. Kwake Dongobesh alipanda vitunguu saumu kabla ya majirani wote, akaving'oa kabla havijakomaa sawasawa, na chai aliinywa akiwa amesimama.

Mwaka huo tumbo likamgomea. Alikuwa ametoka kumeza dawa kali za kifua, na tangu hapo choo kikawa kigumu. Zinapita siku tatu, siku nne. Alizunguka uani ameshika kiuno, akiingia chooni na kutoka bure.

Zahanatini alimkuta nesi Doris, binti wa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe kidonge, nina haraka."

Doris akamweleza kwamba tumboni mna bakteria wazuri, na huenda zile dawa zimewapunguza. Chakula chao ni nyuzinyuzi ambazo tumbo lenyewe haliwezi kuzisaga, zile za kwenye vitunguu, saumu, maharage na unga wa dona usiokobolewa. "Walishe kidogo kidogo, mama. Na maji unywe."

Hayo ya kidogo kidogo Natalia hakuyasikia. Jioni ileile alipika makande, akakaanga vitunguu vinne, akatafuna saumu mbichi kichwa kizima. Mumewe, Tadei, akamtazama.

"Mama Hilary, unakula au unagombana?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili, naye ni mwanakwaya. Katikati ya wimbo wa sadaka tumbo likanguruma hadi mpiga kinanda akageuka. Lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma, na yeye yuko mstari wa mbele. Akachomoka kwa mlango wa pembeni, akazunguka kanisa mara mbili, mara tatu, akijiachia kila alipofika upande wa makaburi.

Jumatatu alirudi zahanatini kulalamika, na Doris akauma midomo asicheke. "Mama, wale wakila wanatoa gesi. Umewafanyia sherehe kwa siku moja! Anza na punje moja ya saumu, tena iliyopikwa."

Wiki sita alijilazimisha. Kijiko kimoja cha maharage, baadaye viwili. Dona badala ya sembe. Kazi hiyo ilimchosha kuliko palizi. Choo kikaanza kulainika. Kuna siku kiligoma tena, naye akarudi kuzunguka uani akinung'unika, lakini siku hizo zikazidi kupungua.

Asubuhi moja alitoka chooni uso umekunjuka.

"Baba Hilary, unafikiri sasa wameshashiba?"

"Waulize mwenyewe," alisema Tadei.

Natalia hakungoja kucheka. Alishavaa buti, jembe begani, anashuka shambani.