Orodha Iliyozaliwa Imejaa

Siku ile kijijini Murusagamba, mwanangu, hunirudia kila ukungu unapotanda asubuhi. Nasikia tena harufu ya pingili za mihogo za kupandia, zilizokuwa zimekatwa usiku uliotangulia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimenipa kazi ya kuandika programu ya kugawa mbegu ya mihogo isiyougua, na kompyuta yangu nilikuwa nimeiweka juu ya gunia la maharage.

Orodha ya vitongoji vya kupewa mbegu niliiunda na kuijaza papo hapo, mstari mmoja tu, majina yote ndani ya mabano. Ah, mstari ule ulipendeza! Nilikuwa narudia kuutazama kama bibi harusi anavyotazama hina yake.

Ndipo akaja Mama Violeta, mtoto mgongoni, kutoka kitongoji kipya kule bondeni karibu na mpaka. Mihogo yake yote ilikuwa imeoza shambani, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza kunguruma upande wa Burundi. Nikabonyeza kuongeza kitongoji chake. Programu ikazimika. Nikaiwasha, nikajaribu tena, ikazimika vilevile. Unajua, kila orodha ni kitu chenye tabia zake: nyingine hupokea nyongeza, nyingine ikishajazwa imejifunga. Yangu ilikuwa imejifunga.

"Mama, kitongoji chenu hakimo," nikamwambia.

Alikaza khanga ya mtoto, akageuka kuondoka. Roho inaniuma hadi leo nikiukumbuka mgongo ule.

Mzee Bigirimana, mwenyekiti wetu, akamwita arudi. Kisha akanitazama bila hasira.

"Binti yangu, kwenu mkitenga chungu cha pombe ya mtama, mnaweka mirija ya kunywea ya nani?"

"Ya waliopo, babu. Na mmoja wa atakayekuja."

"Haya. Humu umeuweka wapi?"

Nililia, sikufichi. Halafu palepale juu ya gunia nikaandika upya: nikaunda orodha inayopokea nyongeza, na majina yale nikayamimina humo humo, bado katika mstari mmoja. Nikamwomba Mama Violeta abonyeze mwenyewe kitufe cha kuongeza. Akabonyeza kwa kidole chenye udongo, jina la kwao likatokea chini ya mengine.

"Basi tupo," akasema.

Akaondoka na mzigo wa pingili kichwani.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe unapoandika programu, jaza orodha yako palepale unapoiunda. Atakayesoma kazi yako ataona yote mara moja, naye atakushukuru. Ya siku za wiki ifunge, hakuna siku nyingine itakayokuja. Lakini ya watu iache wazi, maana kuna mtu bado yuko njiani. Mungu aibariki mikono yako, na popote utakapofika ukiwa umechoka, ukute mrija wako umeshawekwa.